Mashine ya Boti Ikirudi Nyumbani Mbalamwezi

Mvuvi wa dagaa hana haja ya kalenda. Mwezi ukipevuka, dagaa hawaifuati tena taa kwa kuwa ziwa zima lina mwanga. Boti zinavutwa juu ya mwalo, nyavu zinaanikwa, vijana wanapanda kwao kulala usingizi walioukosa majuma matatu. Siku hizo ndipo mashine nyingi za mwalo wa Kemondo, upande wa Bukoba, hupakiwa kwenye pikipiki na kurudi majumbani, Kanazi na vijiji vya jirani. Nyingi huishia nyuma ya mlango, zimefunikwa gunia, zikisubiri giza lirudi.

Ndugu yangu, nakuomba nusu siku moja katika siku hizo. Mwongozo huu unahusu mashine ndogo za tu-stroki, zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, kuanzia nguvu farasi 8 hadi 40, kwa sababu ndizo zinazobeba uvuvi wa upande wetu wa ziwa. Sikufundishi ufundi wa kufungua silinda. Nataka ujue vitu vya kuwa navyo nyumbani na namna ya kuvitumia, ili kazi ya fundi ibaki ile inayomhitaji kweli. Na nianze na kanuni ninayoishika kuliko zote: usifungue nati hata moja kabla hujaweka mezani kitu kitakachochukua nafasi ya kile utakachokitoa. Mashine nyingi zinazokaa ardhini mwezi mzima zilifunguliwa zikiwa nzima, ikakosekana gasketi ndogo kuliko kifungo cha shati.

Kifaa cha kwanza wala hakiuzwi dukani. Ni kiti cha mashine. Tafuta miguu miwili ya mikaratusi, uiunge vizuri kwa mbao za mshazari, na juu upigilie ubao mnene ulio sawa na ule wa nyuma ya boti yako. Mashine ya farasi 15 ina uzito wa kilo 35 na ushei, kwa hiyo kiti kiwe kizito chini na kisiyumbe. Mashine isimame juu yake kama inavyosimama botini. Ukilazimika kuilaza, kichwa kiwe juu kuliko guu. Kichwa kikiwa chini, maji yaliyobaki kwenye guu yanateremka hadi kwenye silinda, na mashine iliyotoka ziwani nzima inaharibikia barazani kwako.

Weka kiti hicho mahali penye hewa, mbali na jiko. Nyumba zetu zimezungukwa na migomba na ni rahisi kudhani kivuli chochote kinafaa, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kwa chini hadi kwenye moto wa kuni usiouona. Simu ipokelee mbali, sigara iache kabisa, watoto wasiwe karibu.

Kuhusu spana, usitumie fedha nyingi. Mashine za Kijapani zina bolti zenye vichwa vya 10, 12 na 14. Seti ndogo ya soketi yenye namba hizo na mkono wake inakutosha. Ongeza spana ya plagi (namba 21 huingia kwenye plagi nyingi za mashine hizi), koleo yenye ncha nyembamba, koleo ya kawaida, nyundo ya plastiki au kipande cha mti mgumu, na bisibisi tatu. Moja kati ya hizo tatu iwe bapa, pana na nene, inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu za oili ya gia. Hiyo usiibanie fedha. Bisibisi nyembamba inakwangua mfereji mara ya kwanza, mara ya pili inaumaliza, na mara ya tatu utalazimika kutoboa skrubu kwa drili.

Vitu vingine vimo ndani ya nyumba: mswaki uliochakaa, trei ya mayai ya karatasi, sufuria ya zamani isiyopikiwa tena, matambara ya pamba yasiyotoa nyuzi, tochi ya kuvaa kichwani ile ile ya ziwani, na simu yenye kamera. Piga picha kabla ya kutoa chochote, piga tena kila unapotoa kipande, kisha panga vipande kwenye vishimo vya trei kwa mpangilio uliovitoa. Nimeona fundi wa miaka mingi akirudisha washa mbili kinyume kwa sababu alitegemea kichwa chake jioni ya njaa. Picha haichoki.

Sasa vifaa vinavyotumika na kuisha. Hapa ndipo fedha yako iende.

Anza na oili ya gia. Ndani ya guu, chini kabisa, kuna gia ndogo zinazozunguka zimezama kwenye oili ambayo haifiki hata lita moja. Mashine nyingi hutaka oili ya gia ya namba 90. Kitabu chake kinasema, na kama kitabu hakipo, ulizia kwa jina na namba ya mashine iliyobandikwa kwenye kibano. Usiweke oili ya injini ya gari. Nunua pia gasketi mbili za skrubu kila mara unaponunua oili, na pampu ndogo ya mkono au chupa laini yenye mdomo mrefu unaoingia kwenye tundu.

Kazi yenyewe ni hii. Simamisha mashine wima, weka sufuria chini, fungua skrubu ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie. Oili itashuka taratibu. Itazame kwenye mwanga wa jua kabla hujaimwaga popote. Ikiwa ya kahawia au nyeusi lakini inang'aa, umechelewa tu kubadilisha. Ikiwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Sili imechoka au gasketi ya skrubu haibani. Ikitangulia maji matupu kisha oili, ni jambo lile lile, na zito zaidi. Chovya vidole viwili uvisuguanishe. Unga laini wa chuma kama vumbi ni uchakavu wa kawaida wa gia. Vipande vinavyochoma kidole ni meno ya gia, na hapo funga mashine umpelekee fundi.

Kujaza kunafanywa kinyume na watu wengi wanavyodhani. Oili inaingilia tundu la chini na kupanda juu, hadi itokeze tundu la juu bila mapovu. Ukijaza kwa juu, hewa inabanwa katikati, unaona pamejaa kumbe guu lina nusu. Ikitokeza, funga skrubu ya juu kwanza ikiwa na gasketi mpya, ndipo utoe pampu na kufunga ya chini haraka. Kwa kuwa juu kumeshafungwa, kitakachomwagika ni matone tu.

Ni lini kufanya hivyo? Vitabu vya watengenezaji wengi husema kila saa 100 au miezi sita. Miezi sita ni ya mtu anayetembeza boti Jumapili. Wewe ukienda na kurudi kwa saa nne kila usiku, kwa usiku 20 wa giza, umeshatimiza saa 80 kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo ikague oili kila mbalamwezi, na uibadilishe kabla haijapita saa 100.

Maji yanayoingia kwenye oili hiyo mara nyingi yanaanza na kitu tunachokitupa wenyewe ziwani: mshipi wa nailoni. Mwaka mmoja guu la mashine niliyokuwa naitunza lilikuwa linatoa chai ya maziwa kila nilipolifungua. Nilibadilisha gasketi mara mbili, sikupona. Nilipotoa propela, nyuma yake nilikuta mshipi wa ndoano za sangara umejizungusha kwenye ekseli, umebanwa na kuyeyuka hadi ukawa pete ngumu ya kijani. Niliukata kwa wembe, vipande vipande, robo saa nzima. Chini yake sili ilikuwa imekatwa mdomo kama iliyong'atwa. Tangu siku hiyo propela natoa kila mbalamwezi, hata kama sina shida nayo.

Kuitoa ni kazi ya dakika tano. Toa kwanza vifuniko vya plagi ili mashine isiweze kuwaka mkono wako ukiwa kwenye propela. Nyoosha kotapini kwa koleo uichomoe, zuia propela kwa kipande cha mbao, fungua nati, kisha vuta ukitazama mpangilio wa washa. Futa ekseli, tafuta nailoni na nyuzi za nyavu, kagua mdomo wa sili, paka ekseli grisi isiyoyeyuka kwa maji, rudisha. Kotapini iwe mpya kila mara. Ni kitu cha bei ndogo mno, na msumari uliokunjwa hauchukui nafasi yake. Kama mashine yako ni ndogo na propela inashikwa na pini inayokatika ikigonga jiwe, weka pini tatu za akiba kwenye mfuko wa boti, pamoja na koleo. Kazi ya pini hiyo ni kukatika yenyewe ili gia zisivunjike. Anayeweka chuma kigumu mahali pake ameiondoa kinga.

Kitu cha pili cha kununua kabla hakijahitajika ni impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa linalopandisha maji ya kupoza mashine. Kila mvuvi anajua kuangalia kama mashine inakojoa. Mkondo ule mwembamba wa maji ndio habari pekee unayopata kutoka ndani. Ukidhoofika, zima. Kwanza zibua tundu kwa kipande cha mshipi mnene wa sangara, maana mara nyingi ni mchanga tu au mdudu aliyejenga humo mashine ilipokuwa nyumbani. Kisha inua guu uangalie vichujio vya maji pembeni. Ziwani kwetu magugu maji hayakosekani. Yanateremka na mto Kagera, yanasukumwa na upepo hadi mwaloni, na mizizi yake yenye manyoya inaziba vichujio kama sifongo. Ukipita kwenye magugu, au ukiwasha mashine kwenye maji ya magotini ambako propela inakoroga mchanga, impela ndiyo inayolipa.

Kuifikia kunahitaji kushusha guu. Fungua bolti zake, tenganisha fimbo ya gia, na uandike gia ilikuwa wapi. Juu ya nyumba ya pampu kuna bolti chache. Ukiinua utaiona impela. Kunja bawa moja kwa kidole uliachie. Zuri linarudi papo hapo. Bawa lililobaki limepinda, lenye ufa kwenye shina au ncha iliyong'aa kwa kuungua, halifai. Ukiitoa, zuia kwa mkono kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoishika impela kwenye ekseli. Kikidondokea kwenye majani ya migomba hutakipata, na bila hicho ekseli itazunguka huku impela imetulia. Tandika gunia safi chini kabla hujaanza.

Impela mpya ipake sabuni ya vyombo. Unapoteremsha nyumba ya pampu, zungusha ekseli kwa upande wa mishale ya saa ukiitazama kutoka juu, mabawa yajilaze upande mmoja. Ukaguzi huu ufanye kila miezi mitatu, na mpya ikae nyumbani siku zote. Dukani ikague kama unavyokagua samaki: mpira uwe laini, usio na harufu kali ya kuungua, mabawa yalingane, na shimo la katikati liwe na chuma kisichocheza. Kabla ya kurudisha guu, paka grisi kwenye meno ya ekseli ndefu, pembeni tu. Juu kabisa usipake, kwa kuwa grisi iliyobanwa huko inazuia ekseli kukaa mahali pake.

Plagi ni kazi ndogo, lakini inazungumza sana. Ifungue mashine ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia ya korosho ni afya. Nyeupe yenye madoa ina maana ya joto kali: hewa nyingi kuliko petroli, au maji ya kupoza hayapandi. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha petroli au oili inayozidi. Na hapa nina neno kwa wenye boti wa Bukoba na Muleba. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mashine iliyopangwa kwa usawa wa bahari inapoteza nguvu kwa takriban asilimia 10 na kuchoma petroli bila hewa ya kutosha. Plagi zetu zinaelekea weusi kidogo hata mashine ikiwa nzima. Wapo wanaouona weusi huo na kupunguza oili kwenye petroli. Naomba sana usifanye hivyo. Oili ndiyo pekee inayolainisha pistoni na beringi. Ukiipunguza, plagi itapendeza kwa wiki mbili, kisha pistoni itang'ang'ania katikati ya ziwa.

Kipimo cha mchanganyiko kinatoka kwenye kitabu cha mashine, kwa kuwa kuna za 100 kwa 1, za 50 kwa 1, na mpya ikianza kazi hutaka oili nyingi zaidi. Kwa 50 kwa 1, chupa ya maji ya nusu lita ikijaa oili inatosha petroli lita 25 barabara. Chupa hiyo ichore alama kubwa kwa rangi na iishi na vifaa vya mashine, isirudi kabisa jikoni. Oili iwe ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, yenye maandishi ya TC-W3 kwenye kopo. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na upepo, yenye joto kubwa zaidi. Kwenye mashine ya boti inaacha masizi.

Petroli ichuje kwa faneli yenye wavu mwembamba. Dumu la plastiki lililonyeshewa usiku kucha lina maji chini, na maji hukaa chini ya petroli, pale pale mpira unapovuta. Mbalamwezi ikianza, maliza petroli iliyomo kwenye kabureta kwa kuchomoa mpira wa mafuta huku mashine ikiwaka ndani ya maji, hadi ijizime. Petroli inayokaa wiki mbili kwenye joto inaacha ute kama gundi kwenye vitundu vidogo, na ndiyo sababu ya mashine nyingi kukataa kuwaka giza linaporudi.

Kuwaka huko si kwa ajili ya dagaa peke yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Sisi tulio mwaloni ndio jirani wa kwanza wa kila anayepatwa na jambo majini, na kamba ya kuwashia iliyochakaa ni ya kubadilishwa nyumbani, mchana, kabla haijakatika usiku wa tukio kama hilo. Iwe na akiba yake, ya unene ule ule.

Mashine ikitumbukia ziwani yenyewe, usingoje mbalamwezi. Maji yetu hayana chumvi, hiyo ni nafuu kubwa ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam na Unguja hawana, lakini kutu huanza mara hewa inapoigusa. Toa plagi, inamisha vitundu vyake chini, vuta kamba taratibu hadi maji yaishe, mimina petroli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila silinda, vuta tena, mwaga maji ya kabureta, kisha iwashe siku hiyo hiyo. Kama kamba inagoma kuvutika, usilazimishe. Kunaweza kuwa na maji yaliyobanwa, au fimbo ya pistoni imepinda.

Na ukinunua mashine iliyotumika iliyotoka Pwani, tazama bolti zake kabla hujamlipa mtu. Unga mweupe kuzunguka vichwa ni alumini iliyoliwa na chumvi. Bolti hizo zikizungushwa kwa nguvu hukatikia ndani. Zilowekwe kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, zigongwe polepole, zipashwe moto na fundi anayejua. Bolti yoyote unayoirudisha, ya Pwani au ya kwetu, ianzishe kwa vidole mizunguko mitatu ndipo ushike spana, na uipake grisi kidogo.

Gasketi ya kichwa, beringi za ndani, sili za ekseli na meno ya gia mwachie fundi. Vinahitaji vifaa vya kuvutia na vya kupima nguvu ya kukaza, na kuvibahatisha kunagharimu kuliko ufundi wenyewe.

Oili chafu iliyotoka kwenye guu imimine kwenye dumu lake, uifunge. Wapo wanaoipaka kwenye nguzo za zizi kuzuia mchwa. Kwenye migomba isimwagwe, wala mwaloni. Tone dogo linatandaza utando mpana juu ya maji ambayo akina mama wanachota mita chache kutoka hapo.

Mwisho wa siku, jaza maji kwenye pipa lililokatwa kichwa, shusha guu humo hadi maji yapite vichujio, propela ikiwa nje ya mashine. Vaa kamba ya kuzimia kwenye mkono. Washa. Isikilize dakika tano, tazama mkojo wake ukitoka, weka kiganja kwenye silinda uone kama joto linavumilika. Ikiridhisha, zima, rudisha propela na kotapini mpya. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike ndani ya kifuniko: tarehe, oili, plagi, impela. Mbalamwezi ijayo utaanzia hapo.